Mamangu anaficha tembe za presha ndani ya dele la kahawa

Shikamoo Bi Nesi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, naishi Kibokoni, Mombasa, na mume wangu na watoto katika nyumba ya mamangu. Mama ana miaka 71. Presha anayo tangu mimi niko shule ya upili, na miaka yote hiyo nilijua anameza dawa zake. Kumbe sivyo.

Juzi nilikuwa nafuta vumbi kabati la vyombo. Nikalitoa dele la shaba la marehemu babu, ambalo halijachemsha kahawa tangu afariki, nikasikia kitu kinacheza ndani kama kunde kavu. Nikaliinamisha juu ya mkeka. Zikamwagika tembe, nyeupe ndogo na za manjano, nyingine zimeshaanza kumumunyuka kwa unyevu. Nilihesabu hadi 80 nikaacha.

Nilipomuuliza hakukasirika wala hakuona haya. Alisema, "Mwanangu, presha yangu naijua mwenyewe. Ikipanda hunambia, kichwa hunigonga hapa. Na hizo tembe ndizo zinitiazo kizunguzungu. Ijumaa ile nusra nianguke nikiinuka sijidani, mbele za watu." Akaendelea kuchambua mchele.

Bi Nesi, mimi ninaogopa kwa sababu ya nyanya, mamake mama. Tulimuuguza miaka sita. Mwishowe alikuwa akitoka usiku wa manane na kanga moja, akigonga milango ya watu akitafuta nyumba ya kina babake iliyobomolewa kabla mimi sijazaliwa. Naye alikuwa na presha, ila wakati ule hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Sasa namwona mama. Mwezi uliopita ameunguza mbaazi mara mbili. Huniuliza jambo, nikamjibu, tukimaliza chai ananiuliza tena. Wiki mbili zilizopita alishuka tuktuk pale Makadara akasimama kidogo akiwaza aelekee wapi. Alikumbuka, na nyumbani alifika. Lakini alisimama.

Nimesoma kwamba kutibu presha kunazuia dimenshia, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kakangu wa Kisauni anasema hayo ni maneno ya wauza dawa, kwamba mzee anatakiwa presha yake iwe juu kidogo ndipo damu ifike kichwani, na kwamba wazee wenye presha ya chini ndio wanaosahau. Jirani naye anasema tembe zenyewe ndizo zinazofuta akili; ameshamletea mama unga wa mlonge na kitunguu saumu. Mimi niko katikati kama mchuzi usiojua utamwagiwa wali gani.

Kuna ukweli hapo? Na kwa miaka 71 si tumeshachelewa? Na nimfanyeje bila kugombana naye? Ni mamangu, siwezi kumsimamia ameze kama mtoto wa chekechea.

Nyongeza: kuna tembe za magoti anazinunua mwenyewe duka la dawa, anazimeza karibu kila siku. Hizo hazifichi! Na mimi nilipimwa kwenye kambi ya bure, wakaniambia 148/92, lakini usiku ule mtoto alikuwa na homa na sikulala, na sijisikii kitu.

Mwana wa kati, Kibokoni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu nitalianzia mwisho, pale ulipoandika "nyongeza". Ile 148/92 yako umeipitisha mlangoni kama abiria anayepitisha gunia la pili akitumai kondakta hajaliona. Mimi nimeliona.

Ukiniuliza ni ubongo wa nani katika nyumba hiyo wenye mengi zaidi ya kuokolewa, nitakutaja wewe kwanza, kisha mama. Presha inayokuja kuharibu kumbukumbu uzeeni huanza kazi yake mapema, katika miaka ya 40 na 50, wakati mtu bado anapanda ngazi na vikapu viwili kutoka Marikiti na hahemi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitoa orodha ya mambo 14 yanayochangia dimenshia na ambayo binadamu anaweza kuyarekebisha. Presha imo, na walipoiandika waliitaja hasa presha ya umri wa kati. Yaani umri wako.

Huko kutojisikia kitu kusikutulize. Nilifanya kazi kwenye kliniki ya presha miaka mingi, na siku moja mzee mmoja alimsindikiza mkewe. Presha ya mke ikasoma vizuri. Nikamfunga mzee mkanda kwa utani tu, ili asikae bure. 196/110, na huku ananichekesha kuhusu mechi ya jana! Hakuwa na maumivu ya kichwa, hakuwa na kizunguzungu, hakuwa na lolote. Kwa hiyo mama anaposema presha yake humwambia ikipanda, mheshimu, lakini usimwamini. Kichwa humgonga siku za joto, siku za kelele, siku ambazo hakulala, na siku nyingine presha inapanda kimya yeye akichambua mchele.

Kipimo kimoja cha kambini baada ya usiku wa mtoto mwenye homa hakitoshi kukuita mgonjwa. Kinatosha kukufanya upime vizuri, na namna ya kupima nitaifikia.

Sasa swali lako kuu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hunywa karibu moja ya tano ya damu yote ambayo moyo unaisukuma. Damu hiyo hufika kwa mishipa mikubwa ya shingoni, kisha ikagawika na kugawika hadi kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, inayozama ndani kabisa. Nyumba zenu za Mji wa Kale zinakufaa kwa mfano. Bomba kubwa la nje halina neno. Ni yale membamba yaliyopitishwa ndani ya ukuta wa mawe kwenda chumba cha juu ndiyo yanayoteseka pampu ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi mwaka nenda mwaka rudi. Hukakamaa, hujaa kutu, mengine huvuja kidogo ndani ya ukuta bila mtu kujua. Kwenye ubongo, presha huifanya mishipa myembamba iwe migumu na minene, mingine huziba, na pale ilipoziba kipande kidogo cha ubongo hufa. Mtu haanguki wala mdomo haupindi, ila kimepotea kipande. Vipande hivyo vikiwa vingi, mtu huwa mzito wa kupanga mambo, mzito wa kukumbuka alichokuwa akifanya, na huunguza mbaazi.

Je, ukiishusha presha unazuia hayo? Nitakueleza kama ilivyo, maana kakako amewashuku wauza dawa na ana haki yake ya kuuliza.

Kule Marekani kulikuwa na utafiti ulioitwa SPRINT, watu 9,361 wa miaka 50 na kuendelea. Nusu walitibiwa ili namba ya juu (ile inayotajwa kwanza, kama 148 yako) iwe chini ya 120, nusu chini ya 140. Mwaka 2015 waliusimamisha kabla ya wakati kwa sababu waliotibiwa kwa makini zaidi walikuwa wanapata nafuu kubwa ya moyo na wanakufa wachache. Matokeo ya kumbukumbu yakatangazwa 2019. Ule usahaulifu wa mwanzo, ambao mtu bado anajiendesha lakini amepungua, ulikuwa chini kwa asilimia 19 kwa waliotibiwa kwa makini. Dimenshia kamili ilitokea kwa watu 149 upande huo na 176 upande wa pili. Tofauti ipo na inaelekea panapotakiwa, ila ilikuwa ndogo mno kwa watafiti kuapa kwamba haikuwa bahati. Kuusimamisha mapema kuliokoa mioyo, lakini kuliwanyima muda wa kuona vizuri, maana dimenshia haiji kwa miaka mitatu.

Uliokuja kunituliza mimi ni wa vijijini China, uliochapishwa 2025. Vijiji 326, watu 33,995 wa miaka 40 na zaidi wenye presha. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa kijijini, si madaktari bingwa, waliwapa watu dawa za bei nafuu, wakawafundisha kujipima nyumbani, wakawafuatilia hadi presha ishuke chini ya 130/80. Kwingine waliachwa na matibabu ya kawaida. Baada ya miaka minne, dimenshia ilikuwa chini kwa asilimia 15 kwa wale waliofuatiliwa. Mimi nilipoisoma niliwaza dispensari zetu. Hakuna mashine ya ajabu pale. Kulikuwa na tembe za kawaida, mkanda wa kupimia, na mtu anayebisha hodi kuuliza umemeza.

Asilimia 15 si ahadi, mwanangu. Kuna watakaotunza presha yao miaka 30 na bado wasahau, kwa sababu dimenshia ina milango mingi na presha ni mmoja. Ila huu ni mlango ambao ufunguo wake mnao, uko ndani ya dele.

Kuhusu kakako, asinyimwe haki yake. Ameshika mkia wa jambo la kweli. Ni kweli kwamba ukiwapima wazee wa miaka 80 na kitu, utawakuta wengi wanaosahau wana presha ya chini. Lakini watafiti waliowafuata watu kwa miaka mingi waliona kwamba presha ya watu hao ilikuwa juu katika umri wa kati, kisha ikaanza kushuka yenyewe miaka kadhaa kabla ya dimenshia kuonekana, ugonjwa ukiwa tayari umo kichwani. Kwa hiyo ile presha ya chini mara nyingi imekuja nyuma ya ugonjwa. Kakako amekuta moshi na jivu akadhani jivu ndilo lililowasha moto. Na hili la "mzee anahitaji presha ya juu" tulifundishwa hata sisi zamani, siwezi kumcheka. Lilipimwa katika utafiti wa HYVET, watu 3,845 wote wa miaka 80 na kuendelea, matokeo yakatoka 2008: waliotibiwa walipungukiwa na vifo kwa asilimia 21, na moyo kushindwa kazi kwa asilimia 64. Kwa upande wa kumbukumbu utafiti ule haukuthibitisha kitu, ulikuwa mfupi. Lakini hoja ya kwamba mtu wa miaka 71 amechelewa kutibiwa presha, hiyo imezikwa.

Pale kakako alipo sawa kabisa ni hapa: kumshusha mzee presha kwa pupa hadi akawa anayumba akisimama, huko si kumtibu. Na hapo ndipo ninapofika kwenye dele.

Nisikilize vizuri sehemu hii, maana ndiyo iliyonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Usizichukue hizo dawa leo ukamsimamia mama azimeze zote kwa uaminifu kuanzia kesho. Najua ndicho moyo wako unachotaka. Fikiria kilichotokea kliniki miezi yote hii. Mama anakwenda, anapimwa, presha iko juu. Daktari anaamini anameza, kwa hiyo anaona dawa haitoshi, anaongeza. Mwezi wa pili bado iko juu, anaongeza ya pili, ile ya manjano pengine. Mama anameza siku mbili tatu kabla ya kliniki ili asiwe amesema uongo mzima, dozi kubwa inamshukia kwa pamoja, anayumba sijidani, anaogopa, dele linajaa zaidi. Dozi iliyoandikwa kwenye kadi yake imejengwa juu ya tembe ambazo hazikumezwa. Ukimpa yote kwa mpigo, unaweza kumwangusha, na nyonga iliyovunjika kwa mama wa miaka 71 ni msiba wa peke yake.

Kwa hiyo kwanza ni kliniki, na ukweli. Mwambie daktari au nesi wake: alikuwa hamezi. Hawatamfokea, na wakimfokea tafuteni wengine. Tia kwenye mfuko kila dawa iliyo ndani ya nyumba, za kliniki, za dukani, unga wa jirani. Mimi ningelibeba na dele lenyewe. Litawaambia kwa sekunde moja jambo ambalo mama atazunguka nalo nusu saa. Ila muombe ruhusa kwanza, ni dele la babake.

Wapime presha yake ameketi ametulia dakika tano, kisha asimame, wapime tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, basi kizunguzungu chake kina jina na kina dawa: kubadilisha dozi, kubadilisha aina, au kubadilisha saa ya kumeza. Kipimo hiki hakina gharama yoyote na kwenye foleni ndefu ndicho kinachorukwa. Kiombeni kwa jina: "tunaomba apimwe amesimama." Hadi hapo, mama aswali ameketi kwenye kiti. Dini imemruhusu mwenye udhuru, na mama anajua hayo kuliko mimi. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba si aibu.

Halafu tembe za magoti. Umeziandika kama kichekesho, mimi zimeninyima usingizi kidogo. Nyingi za dawa za maumivu zinazouzwa kaunta kwa ajili ya magoti ni za ukoo wa diklofenaki na ibuprofeni. Zinafanya mwili uzuie chumvi na maji, zinapandisha presha, na zinapigana na dawa za presha waziwazi. Ukizichanganya kila siku na dawa ya presha ya kukojoza na zile za ukoo wa enalapril, figo hubanwa pande tatu. Soma jina nyuma ya pakiti. Huenda presha ya mama imekuwa ikipandishwa asubuhi na tembe ya magoti na daktari akiishusha jioni kwenye karatasi. Mwombe daktari ampe njia nyingine: parasetamoli kwa kipimo, dawa ya kupaka, mazoezi ya kuimarisha mapaja, fimbo nzuri. Na kama usiku humeza tembe za mafua zile zinazoleta usingizi, nazo zitoe. Kwa mzee zinatia ukungu kichwani, na jirani yako angekuwa na hoja kama angezisema hizo. Za presha hazifuti akili.

Nakisia na jambo jingine ambalo mama hakukwambia. Moja ya zile tembe huenda ni ya kukojoza. Mwanamke wa rika lake, ana maulidi Jumatano, ana matanga Likoni, anajua atakaa saa tatu ukumbini na feri ina foleni. Hatameza. Na hatamwambia daktari mwanamume sababu. Muulize mkiwa wawili, jikoni, si mbele ya kakako. Kama ni hivyo, mwambieni daktari aangalie saa ya kuimeza au aibadilishe; zipo nyingi zisizomfanya mtu ahesabu vyoo. Ikiwa mojawapo ni amlodipine na miguu inamvimba jioni, au enalapril na ana kikohozi kikavu kisichoisha, hayo nayo yanabadilishwa. Mtu hawezi kumeza kwa miaka 20 kitu kinachomsumbua kila siku kwa ajili ya ugonjwa asiousikia. Hata mimi nisingemeza.

Dozi mpya ikishaandikwa, zifungeni kwenye jambo analofanya bila kufikiri, mfano baada ya sala ya alfajiri, pale pale kwenye mswala. Kijaluba chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, kitakuonyesha kama amemeza bila wewe kuuliza. Na usimuulize "umemeza?" kila asubuhi. Meza naye. Kama vipimo vyako vitaonyesha nawe unahitaji, mtakuwa wawili, na mama wa Kimvita atakubali kumsindikiza mwanawe kwenye dawa hata kama hakubali kusindikizwa. Ramadhani ikikaribia rudini kliniki mapema ili saa za kumeza zihamishiwe futari au daku. Nyingi zinahama bila shida, ila dawa ya kukojoza mchana wa joto la Mombasa na maji hakuna, hiyo msiipange wenyewe.

Sasa mashine. Nunueni moja ya mkononi, ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Pima kwenye mkono mtupu. Nimeona watu wakifungwa mkanda juu ya mkono wa buibui, kisha wanaandikiwa dawa kwa namba hiyo. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, usipishanishe, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, umeshakwenda choo, hujanywa kahawa tungu kwa nusu saa, na usizungumze. Hilo la mwisho Kibokoni ni gumu, najua. Subiri dakika tano. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, siku saba. Siku ya kwanza ifute, iliyobaki tafuta wastani. Nyumbani mpaka wetu ni 135/85, mdogo kuliko ule wa kliniki wa 140/90, kwa sababu nyumbani hakuna koti jeupe la kukutisha. Ukiwa na mkono mnene, ulizia mkanda mkubwa. Mdogo hutoa namba za juu za uongo.

Chumvi nitaisema haraka maana mmeshaisikia. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ndani ya kila kitu ulichokula. Kwenu adui wala si kile kidumu cha chumvi, ni achari ya ndimu, samaki wakavu wa chumvi kama ng'onda na papa, na vile vipande vya kukolezea mchuzi. Papa wa nazi mara moja kwa mwezi sitawanyima, siwezi kuishi Mombasa halafu niwanyime. Ila asiwe na achari pembeni. Mlonge na kitunguu saumu viliwe kama chakula. Havichukui nafasi ya tembe, na unga mwingi pamoja na dawa daktari aujue.

Kuhusu dalili za mama, sitakwambia ana au hana. Kuunguza mbaazi ukiwa na wajukuu wanakuita hutokea. Kuuliza jambo lile lile kila siku, na kusita njia ya Makadara aliyoipita maisha yake yote, hayo yanataka kuangaliwa, si kungojewa. Mwambie daktari kama ulivyoniambia mimi, kwa mifano. Mwombe apime na mengine yanayojifanya dimenshia na yanatibika: tezi ya koo, vitamini B12, sukari, maambukizi ya mkojo, huzuni. Masikio pia yapimwe. Mtu asiyesikia jibu la kwanza atauliza mara ya pili, na orodha ile ya Lancet imelitaja tatizo la kusikia pamoja na la macho. Ila ikitokea ghafla mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanavurugika, hiyo ni kiharusi. Usimpake mafuta, usingoje kakako aje kutoka Kisauni. Hospitali kubwa saa ile ile, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, na si kila mgonjwa anafaa.

Kama nyote hamjajiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jiandikisheni sasa. Kliniki ya presha ni safari ya kila mwezi au kila miezi mitatu kwa miaka yote iliyobaki, bora ianzie kwenye dispensari ya karibu ambako nauli haitakuwa sababu ya kukosa.

Nyanya yako aliyekuwa akigonga milango usiku, Mungu amrehemu. Mlimfanyia mlichojua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja, sembuse zama zake.

Ukimaliza siku saba niandikie tena, namba zako na za mama, pamoja na za kusimama. Na uniambie kliniki walisemaje walipoliona dele.

Bi Nesi